Sepeto la Nyongeza

Nilitoka katika ukumbi ule bila sahihi niliyoihangaikia miaka minne, na jambo la kwanza nililolihisi lilikuwa njaa. Si huzuni wala aibu, njaa tu. Tangu asubuhi nilikuwa sijatia kitu kinywani kwa woga wa kusimama mbele za watu, na woga ulipoondoka tumbo likakumbuka kazi yake. Nikaenda kantini, nikaagiza viazi vya karai na chatini ya ukwaju, nikala sahani mbili nimesimama. Aliyeniona angedhani nimefaulu, na pengine asingekosea sana.

Mafunzo yenyewe yalikuwa ya siku tatu, katika tawi la chuo kikuu lililoko huku kwetu, nje kidogo ya Ukunda. Tulikuwa wahandisi wanagenzi ishirini na kitu, yaani watu wenye digrii lakini wasio na ruhusa ya kutia sahihi michoro yao wenyewe. Siku mbili za mwanzo tulisikiliza: usalama kazini, uandishi wa ripoti, maadili ya taaluma. Mhadhiri wa maadili alituambia, kama watuambiavyo wote, kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Nadhani hakuna mhandisi nchini aliyefuzu bila kumezeshwa methali hiyo. Mimi nilianza kuihesabu nikiwa mwaka wa kwanza, nikachoka.

Siku ya tatu, Alhamisi, ilikuwa zamu yetu kusema. Kila mmoja alipewa dakika kumi na tano aeleze utafiti wake mbele ya jopo la watu watatu, na jopo likiridhika linatia sahihi daftari lako la kazi. Kurasa zangu zote zilikuwa zimeshajaa sahihi isipokuwa ukurasa mmoja, huo wa mhadhara. Jopo liliongozwa na profesa mmoja, mama wa kutoka bara aliyehamia pwani miaka miwili nyuma, mfupi, mwenye sauti ya chini. Hakuwa mkali. Alikuwa na tabia ya kumwambia mtu, "Sema tena," basi mtu akirudia aliyoyasema anasikia mwenyewe yalivyo mabovu. Niliona wanaume wazima wakitoka jasho kwa maneno hayo mawili.

Utafiti wangu ulihusu kokoto. Huku kwetu mawe ya matumbawe hayatafutwi. Ukichimba choo unakutana nayo. Kokoto ngumu ya mawe meusi huletwa kwa malori kutoka mbali. Vitabu vinasema kokoto ya matumbawe ina vitundu vingi, inanyonya maji, na zege lake huwa dhaifu. Mimi nimezaliwa Munje, katika nyumba ya mawe hayohayo, na vitabu hivyo vilinikera kana kwamba vinamsema mama yangu. Nikaazimia kuonyesha kwamba kwa kipimo cha kawaida, simiti kisanduku kimoja, mchanga viwili, kokoto vinne, zege la matumbawe linabeba mzigo wake vizuri tu.

Mzigo wenyewe ulikuwepo. Kikundi cha akina mama wa Munje kilikuwa kimepata tangi la lita elfu kumi. Walitaka kuliweka juu ya nguzo nne kando ya madrasa, maji ya kisima yapandishwe na pampu ya sola, kisha yateremke yenyewe kwenye mabomba ya kutawadhia na ya majumbani. Waliniomba mimi hesabu za nguzo kwa kuwa ni mtoto wao. Majaribio yangu yalipotoa majibu mazuri kuliko nilivyotarajia, niliwaandikia kipimo hicho cha moja kwa mbili kwa nne, na kwa ujeuri wangu nikawapunguzia na unene wa nguzo. Wangemwaga zege Jumamosi, siku mbili baada ya mhadhara wangu. Lita elfu kumi za maji ni tani kumi, na madrasa ile hufunguliwa asubuhi na jioni.

Majaribio tuliyafanyia nyuma ya nyumba ya mjomba wangu, ndugu wa mama, kwa sababu nilitaka zege linalochanganywa kama linavyochanganywa kijijini na si zege la maabara. Mjomba ni fundi. Nyumba nyingi kati ya Munje na Msambweni zimepita mikononi mwake, na kila ukipita naye barabarani atakuonyesha ukuta fulani na kukueleza mwenye nyumba alivyomsumbua. Nilichongesha kisanduku cha mbao cha kupimia, nikampa na ubao wa kusawazisha juu ili kila kisanduku kiwe sawa na mwenziwe. Tulikubaliana kila kitu.

Lakini hapa lazima nieleze malezi yetu. Huku mtu akikupimia kitu, humtazami mkono. Muuza mchele akijaza kibaba, wewe tazama barabara, muulize habari za watoto. Kukodolea macho kipimo ni kumwambia mtu waziwazi kwamba ni mwizi. Naye, kwa vile umemwamini, hamalizii pale kibaba kinapojaa. Huchota konzi moja zaidi akakutilia, hiyo ndiyo nyongeza. Nimelelewa hivyo na digrii haikuniondolea. Mjomba aliposhika sepeto kukielekea kisanduku, mimi niligeuza uso, nikajifanya naandika. Alipofika kwenye simiti nilikwenda kabisa jikoni kwa mkaza mjomba kunywa uji. Nilifanya adabu mahali palipotaka kazi.

Siku ya mhadhara mjomba alikuja mwenyewe, na kanzu iliyopigwa pasi na kofia ya sherehe. Wageni waliruhusiwa. Tulikaa safu ya nyuma. Yeye kuliani kwangu, na kushotoni mwanagenzi mwenzangu, kijana wa bara anayesimamia ujenzi wa mabwawa ya kuogelea ya hoteli za Diani. Aliyekuwa akisema kabla yangu alikuwa amefanya utafiti wa matofali ya udongo mwekundu, na mambo yake hayakuwa mazuri. Picha zilionyesha tofali baada ya tofali likimeguka kabla ya kufika popote. Profesa alikuwa ameshamwambia "Sema tena" mara tatu.

Mjomba aliniinamia. "Maskini," akasema kwa sauti ya chini. "Yule hana mjomba."

"Vipi?"

"Matofali yake yavunjika upesi. Hakuwa na mtu wa kumtilia nyongeza."

Nilidhani anatania. "Nyongeza gani, mjomba?"

"Ya simiti. Kwani we wadhani nilikupimia kama ninavyowapimia watu baki? Kila kisanduku cha simiti nilikutilia sepeto zima juu yake. Nilikuwa na mfuko wangu umebaki stoo. Mtoto wa dadangu ende kwa wasomi na zege la kunyimana, si watatucheka?"

Alisema akitabasamu, kama mtu aliyengoja siku nyingi kumfunulia mwenziwe zawadi.

Nikapiga hesabu palepale, maana hiyo ndiyo akili yangu, hata nikizama majini nadhani nitahesabu. Sepeto zima juu ya kisanduku kile ni kama robo yake. Zege langu halikuwa lile nililoliandika. Kila namba katika mhadhara wangu ilikuwa ya zege lingine, na nguzo za Munje zilikuwa zimepigiwa hesabu kwa namba hizo. Nilitaka kumpigia mjomba kelele mbele ya watu wote. Hasira zangu ni za moto wa makuti, zinawaka mara moja na kila mtu anaona. Lakini ningemwambia nini? Amenikosea nini, kunipenda?

Mwenzangu wa kushoto alikuwa amesikia. Akaning'ong'onezea, "Wee, present tu. Nani atajua? Hiyo kitu utafix baadaye, pigia tu hao wamama simu waongeze simiti."

Sitasema kwamba nilimkemea. Shauri lake lilikuwa na akili, na kwa muda wa kama dakika moja nililikubali. Ningewapigia simu akina mama, wangeongeza simiti, nguzo zingesimama, na mimi ningepata sahihi yangu. Nani angeumia? Kisha nikafikiria ripoti yangu ikiwa imetiwa sahihi na kuwekwa maktaba, na mwanagenzi mwingine wa Gazi au Shimoni anaifungua baada ya miaka mitatu, anaona kipimo, anakiamini, anajenga. Huyo sina namba yake ya simu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hapa maradhi yangekuwa yangu na kifo cha mwingine.

Jina langu likaitwa.

Nilikwenda mbele. Nililiinua dera kidogo lisinitege miguu. Nilisalimu, nikaeleza kokoto, nikaeleza kisanduku na ubao. Nilipofika kwenye jedwali la majibu, lile nililolipamba kwa rangi za kijani usiku kucha wa juzi yake, niliwaambia, "Jedwali hili si kweli."

"Sema tena," akasema profesa.

"Jedwali hili si kweli. Nimejua dakika kumi zilizopita." Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. Nikaeleza yote: sepeto, robo ya kisanduku, jikoni, uji. Nikasema kosa si la fundi, ni langu, kwa kuwa kipimo kilikuwa mikononi mwangu na mimi niligeuza uso.

"Uligeuza uso kwa nini?" aliuliza. Aliuliza kwa dhati, hakuelewa.

Nikaeleza habari ya kutomtazama mtu mkono. Wenyeji waliokuwa ukumbini walikuwa wameshaanza kucheka na kutikisa vichwa, cheko la watu wanaojijua. Watu wa bara walikuwa wanatazamana. Hapo mjomba akasimama kule nyuma, kanzu yake inang'aa.

"Samahani, mwalimu. Mtoto asema si kweli. Mimi sikusema uongo. Ile ni nyongeza."

Profesa alimtazama juu ya miwani. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Nyongeza hiyo, unawawekea wote unaowajengea?"

Mjomba alishangaa, kama aliyeulizwa kama anaiba. "Hapana! Kule simiti ni ya wenyewe. Ni amana ile. Naambiwa moja, natia moja, na juu napitisha ubao. Amana haipunguzwi wala haiongezwi."

Nadhani wengi walikuwa bado wanafurahia maneno yake, lakini mimi nilisikia kitu kingine. Nguzo za Munje alikuwa azimwage yeye. Simiti ilikuwa ya akina mama. Angeipima kwa uaminifu wake wote, kisanduku kwa ubao, bila hata kijiko cha ziada, na nguzo zile nyembamba zingekuwa dhaifu kwa sababu ya unyoofu wake. Picha ya mwisho niliipachika kwenye kompyuta nikiwa bado sijaamua kuionyesha, lakini nilibonyeza nikaiacha ukutani. Mwenyekiti wa akina mama alikuwa amenitumia kwenye simu asubuhi ile: mbao za nguzo zimeshasimamishwa, vyuma vimefungwa, na watoto wa madrasa wamejipanga katikati ya zile nguzo nne, mikono juu, wanacheka.

"Nguzo hizi zinamwagwa Jumamosi, kwa kipimo hiki," nikasema, na nikashindwa kuendelea. Nililia kidogo. Siogopi kuandika hivyo.

Profesa aliinuka akaenda ubaoni, akapiga hesabu yake kwa kalamu, polepole, akafika palepale nilipofika mimi. Hakutoa hotuba. Alichukua daftari langu mezani, akalifunga, akanirudishia.

"Siwezi kutia sahihi."

"Najua."

"Kurudia kutachukua muda gani?"

"Siku ishirini na nane za kuloweka vipande vya zege majini, na siku mbili za kuchanganya."

"Mwezi, basi. Toka nje upige simu kwanza." Kisha, nilipokuwa nimeshika mlango, nikamsikia akiwauliza wenyeji, "Kwa hiyo miaka miwili hii sokoni Ukunda sijawahi kupewa nyongeza kwa sababu nawatazama mikono?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na nikatoka na kicheko hicho mgongoni.

Nilimpigia mwenyekiti pale barazani.

"Shikamoo, mama. Jumamosi musimwage zege."

"Marahaba. Kuna nini? Mbuzi tumeshalipia, na mchele umeshatolewa."

Nikamweleza. Nilisema waziwazi kwamba kipimo nilichowapa kilikuwa kibaya na nguzo ni nyembamba. Nilisikia sauti za watoto nyuma yake, sijui wa madrasa au wa nyumbani.

"Yaani lingeanguka?"

"Sijui, mama. Sitaki kujua kwa njia hiyo."

"Haya. Pilau tutakula, zege litangoja. Mwenyezi Mungu akulipe." Akakata simu kwenda kuwaambia wenziwe, na roho yangu ikatua kwa namna ambayo sijawahi kuipata msikitini wala kitandani. Hapo ndipo nilipoisikia ile njaa.

Mjomba alinikuta kantini, mdomo umejaa viazi. Hakutaka kula. Alikaa kwenye benchi, akavua kofia akaiweka pajani, akasema bila kunitazama, "Umeniaibisha mbele za watu, mwanangu."

"Nisamehe, mjomba. Lakini nilisema kosa ni langu."

"Wajua watu husikia wanachotaka."

Alikuwa sahihi. Nilimsogezea sahani. Baada ya muda alichukua kiazi kimoja, akakichovya kwenye ukwaju, akauliza kama majaribio ya mara ya pili nitamtafuta fundi mwingine. Nikamwambia simtaki fundi mwingine. Akala kiazi cha pili.

Tulichanganya upya wiki iliyofuata, mahali palepale. Safari hii nilisimama mbele ya kisanduku nikatazama mkono wake tangu sepeto la kwanza. Sikumbuki kazi iliyonipa tabu kuliko hiyo. Yeye alikuwa amekunja uso kama anayepekuliwa mifuko, na mimi shingo ilikuwa inataka kugeuka yenyewe. Mkaza mjomba aliniita uji mara mbili, sikwenda. Alipomaliza kujaza, mjomba alipitisha ubao, akarudi nyuma hatua moja, akasema, "Tazama basi. Tazama vizuri." Nikatazama. Ilikuwa sawasawa, haikuzidi wala haikupungua, na ukweli ni kwamba sijawahi kuona kipimo safi kama kile.

Sahihi niliipata katika kikao kilichofuata. Tangi nalo liko juu Munje, kwa kipimo chenye simiti zaidi na nguzo nene ambazo mjomba anasema zingebeba ghorofa. Lakini nikiulizwa siku yangu njema katika kazi hii, siitaji hiyo ya sahihi wala ile maji yalipofunguliwa. Nataja asubuhi ya kuvunja vipande.

Tulikuwa wanne katika maabara ya chuo: fundi wa mashine, profesa, mjomba na mimi. Kipande cha kwanza kilitolewa majini, kikafutwa, kikawekwa katikati ya mashine ya kukandamiza. Sindano ikaanza kupanda. Nilikuwa nimechora alama nyekundu pale ambapo hesabu zangu za kwanza zilitaka ifike. Ikapanda, ikafika karibu, ikapunguza mwendo, kisha tukasikia mlio kama wa mtu aliyekanyaga kifuu, na kipande kikapasuka pembeni na kumwaga vumbi jeupe. Hakikuifikia alama. Cha pili hakikuifikia. Cha tatu kilivunjika mapema kuliko vyote.

Fundi wa mashine alinitazama kwa huruma. "Pole, mhandisi," akasema.

Mimi nilikuwa nacheka. Mjomba alisema alhamdulillahi, na profesa, ambaye si Mwislamu, akaitikia. Vitabu vilikuwa vimesema kweli na sikuvikasirikia tena. Zege lile, kwa kipimo nilichokiandika kwa mkono wangu na kuwakabidhi akina mama, lilivunjika saa nne asubuhi juu ya meza ya chuma, na chini yake hapakuwa na mtoto.